Dosie Kamili ya Papa Ajida

Wakati wa vita ya pili ya Kongo kazi yangu ilikuwa kuwatafutia wanajeshi wazee kazi nyingine. Nikisema hivyo leo watu wanacheka, nami siwalaumu. Mji mzima wa Bukavu ulikuwa unatafuta kazi. Walimu walikuwa wanauza mandazi, waganga walikuwa wanalima mihogo nyuma ya hospitali, na mimi nilikuwa nimekaa katika chumba kimoja cha parokia, kwenye mteremko wa Kadutu, mbele ya mashini ya kuandika, nikiwabembeleza watu wawaajiri wanaume ambao hakuna mtu aliyetaka hata kuwasalimia.

Chuki hiyo ilikuwa na sababu zake. Hawa walikuwa basoda wa serikali ya zamani: wanajeshi, majandarme, na walinzi wawili wa gereza. Vita ya kwanza ilipofika, wenzao vijana walikimbia, na katika kukimbia walipora nyumba zote zilizokuwa njiani. Wazee walibaki kwa sababu magoti yaliwakatalia. Walikuwa wamefikia umri wa kustaafu, wengine walikuwa wameupita zamani, lakini hakuna aliyewastaafisha, maana ofisi ya kutia sahihi ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya vita, na barua haikuvuka. Wakuu wapya wakawatoa kambini pamoja na wake zao na masufuria yao. Padiri wetu akawaonea huruma, akapata msaada kidogo, akaniita mimi kwa sababu nilijua kuandika haraka na sikuwa mwoga wa wanaume wenye sauti kubwa.

Tulikuwa na wanaume ishirini na watatu. Tuliwafundisha kushona viatu, kutengeneza sabuni, kutunza bustani. Nami kila Jumatano niliwafundisha kuomba kazi. Niliwaambia wasisimame kama nguzo mbele ya mwajiri. Niliwaambia wakiulizwa swali wajibu kwa maneno ya kawaida, wasipige kelele. Mmoja aliandika katika maelezo yake kwamba uzoefu wake ni miaka kumi na minne ya kulinda daraja moja. Nikamuuliza alijifunza nini hapo darajani. Akasema amejifunza kutolala.

Hawakupata kazi. Nataka niseme wazi mapema, ili msomaji asinisubiri nimletee habari njema. Sajenti mmoja alitengeneza sabuni nzuri kabisa, ya kijani, akaipeleka sokoni kwenye beseni. Mama mmoja akaishika, akainusa, akamtazama mwenye kuiuza, akairudisha. "Huyu papa alinipiga kofi ku barrière ya basoda," akawaambia wenzake, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Mi nitaogea sabuni yake namna gani?" Sajenti akarudi na beseni lake lote, tukanawia sabuni hiyo parokiani hadi Pasaka.

Na mimi? Mimi niliendelea kuandika. Baba yangu alikuwa karani, babu yangu vilevile, na katika nyumba yetu karatasi iliheshimiwa kama sahani za wageni. Sisi watu wa maofisi wa Bukavu tulikuwa na ugonjwa huo. Serikali ilikuwa imekwisha, mishahara ilikuwa imekwisha, lakini ukitaka hata kumzika mtu uliulizwa barua ya kuomba, barua ya kusindikiza, orodha na kashe, yaani muhuri. Tulilalamika sana, na moyoni tulifurahi. Mahali palipo na muhuri tuliona kwamba bado kuna nchi. Nilikuwa na dosie ishirini na tatu katika kabati, jalada moja kwa kila mzee, zimefungwa kwa uzi, na hakuna hata moja niliyoweza kuiita kamili.

Papa Ajida ndiye niliyemtegemea kuliko wote. Ajida ni cheo tu, kipo juu ya sajenti na chini ya maofisa, lakini sisi tulimwita hivyo na yeye aliitika. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Jeshini hakuwa mpiganaji. Alitunza stoo: mablanketi, buti, sahani, mafuta ya taa. Ungemwamsha usingizini angekuambia mablanketi mangapi yalikuwa na mashimo. Mke wake, mama mfupi wa upande wa Walungu, alikuwa na kifua kibaya, na wakati wa mvua ungemsikia akikohoa kabla hujamwona.

Walipanga chumba kimoja juu ya bonde ambalo mvua ilikuwa inalikula. Kila masika ardhi ilikatika hatua mbili, na ukuta wao wa nyuma ulikuwa umeanza kuachana na paa. Lakini hilo halikumtisha kama jambo jingine. Wakuu wapya walikuwa wameanza kuwaokota wanajeshi wa zamani mmoja mmoja na kuwapeleka mahali walipopaita pa kujifunza upya, na waliotoka huko walitoka wamevaa sare, wakielekea vitani.

"Maman," aliniambia siku moja, akiwa ameshika kofia mkononi, "ile nguo nimeivaa miaka makumi tatu na mbili. Sitaki kuivaa tena. Nitafutie fasi yenye nitakufia nikiwa nimevaa shati."

Nilimwahidi. Sikupaswa kumwahidi, lakini nilimwahidi.

Nafasi ilikuja yenyewe, kwa miguu yake miwili, ikiwa imevaa viatu vya matope. Ilikuwa mtawa mmoja, Masera mkuu wa shule ya wasichana ya bweni huko Nyantende, umbali wa kutembea asubuhi moja tu kutoka mjini. Alikuwa amekuja kwa padiri kwa shughuli nyingine. Chakula cha wasichana kilikuwa kinapotea stoo, mahindi na maharagwe, na hakujua kinapita wapi. Padiri akamleta kwangu, nami nikamwita Papa Ajida. Masera akamuuliza maswali mawili. Papa Ajida akamweleza jinsi gunia linavyoibiwa bila kufunguliwa, kwa bomba jembamba la bati linalopenyezwa kwenye kona ya chini, na jinsi ya kulijua gunia hilo kwa kulipiga kiganja na kusikiliza. Masera akacheka hadi akashika msalaba wake.

"Mulete tu," akaniambia. "Akuje na muke wake. Kuko kanyumba ka vyumba mbili nyuma ya cuisine ya kupikia wasichana, iko na mabati."

Papa Ajida alitazama chini. Akavua miwani, akaifuta.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema: "Masera, dosie yake haiyakwisha. Inapungukiwa attestation ya kumaliza kazi."

"Dosie ya nini? Mi naona mutu."

Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Njia ya Nyantende ilikuwa na barrière, kizuizi cha askari. Mwanajeshi wa zamani asiye na karatasi ya kumaliza kazi anaweza kuitwa mtoro. Shule yenyewe inaweza kusumbuliwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kushindwa. Nilitaka dosie moja, moja tu kati ya ishirini na tatu, iondoke katika kabati langu ikiwa kamili, na barua zake zote, na kashe yake. Masera akainua mabega. Akasema atangoja majuma matatu, hadi shule ifunguliwe.

Papa Ajida akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa stoo, naye aliamini kwamba kitu hakitoki bila bon, karatasi ya kukitolea. Katika hilo tulielewana sana, yeye na mimi.

Nikashuka hadi ofisi ya wakuu wapya wa jeshi. Walikuwa wamechukua jengo zuri karibu na ziwa. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana mwenye mashavu laini, anaongea Kifaransa cha chuo kikuu. Alinipa kiti. Kwa mwaka ule mzima hakuna aliyenipa kiti katika ofisi yoyote. Alisoma barua yangu hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri, lakini barua ya namna hii haipokelewi peke yake. Inahitaji orodha ya wote wanaosaidiwa na parokia: jina, cheo, ujuzi, anwani. Ni utaratibu tu, alisema.

Nami nilijua utaratibu. Ningeshangaa kama asingeiomba.

Nilirudi ofisini nikaandika orodha hiyo mchana kutwa. Sikuwahi kuandika kitu kwa uangalifu vile. Mtaani kwetu nyumba hazikuwa na namba, kwa hiyo niliweka alama: mlango wa bluu, nyuma ya bomba la maji, nyumba ya tatu baada ya kinu, ulizia mama anayeuza ndizi. Kwenye ujuzi niliandika kila kitu, kwa kuwa ndivyo nilivyowafundisha wenyewe: usifiche unachojua, mwajiri hawezi kukisia. Mizinga. Redio. Udereva wa malori mazito. Utunzaji wa stoo. Padiri alipita akaniuliza naandika nini, nikamwambia ni kiambatisho. Akasema vizuri, akaenda kuungamisha.

Baada ya siku tisa ofisa kijana alinipa attestation. Ilisema kwamba fulani, mwenye cheo cha ajida, mtunza stoo, amemaliza utumishi wake katika jeshi la zamani. Kashe ilikuwa ya mviringo, ya zambarau, imekaa sawasawa juu ya sahihi, haikumwagika upande wowote. Akatia kashe nyingine kwenye nakala yangu kunionyesha kwamba orodha imepokelewa. Nilipanda mlima wa Kadutu bila kupumzika, na mimi ni mtu wa kupumzika mara tatu.

Papa Ajida aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akaisoma tena. Nikaitia katika mfuko wa plastiki ili isilowe, nikampa maagizo yangu ya mwisho, nikiwa nimejaa sifa.

"Papa, bakikusimamisha fasi yoyote, usikimbie. Onyesha karatasi. Mwenye kukimbia njo mwenye makosa."

"Mwenye kukimbia njo mwenye makosa," akarudia, taratibu, kama alivyorudia amri maisha yake yote.

Walipanga kuhama Jumatatu. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, malori mawili yakapanda Kadutu.

Hawakuuliza njia. Walikwenda kwenye mlango wa bluu. Walikwenda kwenye nyumba ya tatu baada ya kinu, wakamuulizia mama anayeuza ndizi. Mtu mmoja aliyewaona aliniambia askari wa mbele alikuwa ameshika karatasi na anasoma kwa sauti, na nilijua ni karatasi gani kabla hajamaliza sentensi. Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa, nikashika tama, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikufanya lolote.

Habari ilitangulia malori. Wanaume wachache walikuwa sokoni au shambani, wakapata kukimbia. Sajenti wa sabuni alikimbia na aproni yake, na baadaye tulisikia alifika milima ya Walungu akajificha kwa shemeji yake. Wote waliokimbia walikuwa wale niliowagombeza kwa kuchelewa, kwa kupoteza karatasi, kwa kutoamini mafunzo yangu.

Papa Ajida naye hakuwa nyumbani. Alikuwa na mke wake kwa jirani mmoja, wakiomba kamba ya kufungia godoro. Walipoambiwa, mke alimshika mkono, akamwambia wapite njia ya miguu, moja kwa moja hadi kwa Masera, waache godoro. Angefika kabla ya saa saba. Yeye akarudi chumbani, akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua mfuko wa plastiki, akashuka mwenyewe hadi uwanja walipokuwa wanawakusanya wenzake. Mke wake alinieleza baadaye maneno yake, na alinieleza kwa fahari.

"Alisema: mi siko kama benye banakimbia. Mi niko na karatasi. Maman Sekreteri aliniambia mwenye kukimbia njo mwenye makosa."

Jumapili, kabla ya misa ya pili, nilikuwa mbele ya ofisa kijana na nakala yangu. Alinipa kiti kilekile. Nilimwambia kumetokea kosa, kwamba mtu huyu amekwisha kustaafu, na ofisi yake mwenyewe imethibitisha. Akaisoma. Akasema hakuna kosa. Karatasi inathibitisha kwamba huyu ni ajida, kwamba ni mtunza stoo, na kwamba jeshi la zamani halimdai tena. Kwa hiyo yuko huru kuingia katika jeshi jipya, na jeshi jipya halina mtunza stoo. Alisema haya bila kejeli. Nilimtazama vizuri nikitafuta kejeli, sikuiona. Kisha akanishukuru kwa orodha. Kwa kawaida, alisema, wanapokea karatasi chafu, majina nusu nusu, watu hawapatikani.

Sikumtukana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, mimi niliyekuwa na ulimi mkali kwa kila mtu. Nilimwambia aksanti, nikatoka.

Nilisimama kwenye lango la uwanja pamoja na wake zao. Kwa mbali niliwaona wamekwisha kuvalishwa sare. Na sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia padiri: si wote waliohuzunika. Mzee mmoja wa mizinga, ambaye nilimpeleka kwa waajiri sita nao wote sita wakamkataa, alikuwa amezungukwa na askari vijana wanaomwita chef, yaani mkuu, naye anawaonyesha kitu kwa mikono, meno yote nje. Nilibisha milango ya mji huu miaka miwili sikumpatia kazi hata mmoja. Mwajiri huyu aliwaajiri kumi na saba kwa siku mbili, kila mmoja kwa ujuzi wake, kama nilivyoandika.

Papa Ajida alikuwa amekaa kwenye gunia peke yake. Sare ilikuwa kubwa kwake, mikono imefunika vidole. Mfuko wa plastiki ulikuwa bado juu ya mapaja yake. Nilipunga mkono. Sijui kama hakuniona au hakutaka kuniona. Malori yakashuka kuelekea uwanda wa Ruzizi.

Hakurudi. Dereva mmoja alisema alimwona ng'ambo ya Luvungi, anahesabu mablanketi. Mwingine alisema mtunza stoo wa kikosi kile alikufa kwa kuhara kabla ya mvua kubwa, ila hakumjua sura. Hatukupata barua wala mwili. Padiri alifunga mpango wetu, akanibakiza kuandika vyeti vya ubatizo. Dosie nilizichoma mwenyewe nyuma ya jikoni, moja moja, na ilichukua muda kuliko nilivyofikiri kwa sababu nilikuwa nimezifunga vizuri.

Masera aliniletea salamu mara moja. Hakunilaumu, na hakuuliza kitu. Alikuwa amempata mtu mwingine wa stoo.

Mke wa Papa Ajida alikuja ofisini baada ya mwaka mmoja na zaidi. Ukuta wao ulikuwa umeshuka bondeni, naye alikuwa analala sebuleni kwa watu wa kanisa, kwenye mkeka, akikohoa na kuombwa apunguze kukohoa. Alikaa kwenye benchi, akapanga kitenge chake magotini. Alikuwa amesikia kwamba huko Nyantende Masera anatafuta mama wa kupikia wasichana, na kwamba mpishi anapewa chumba.

"Maman," akasema, "unifanyie dosie. Kama ile ya papa. Ile ilikuwa ya muzuri sana."

Nikamwambia aende tu. Nikamwambia Masera anamjua, atampokea hivyo hivyo, hahitaji karatasi. Niliyasema haraka haraka, nikimsukuma kwa macho aelekee mlangoni, ashike njia siku ileile.

Akanitazama. Sikuwahi kuona uso unafungwa vile.

"Ya papa uliitumikia siku mingi," akasema pole pole. "Yangu haistahili hata siku moja?"

"Si hivyo, maman."

"Ni juu sikusoma?"

Ningeweza kumweleza. Lakini kumweleza kungekuwa kumwambia kwamba Masera alitaka kumchukua mumewe siku ileile ya kwanza, hivyo hivyo, bila karatasi yoyote, na kwamba mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa mwoga. Nikasema tena, aende tu, asiogope. Yeye akainuka, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akasema aksanti maman, kwa heshima, akatoka.

Nilijiambia amekwenda. Juma la tatu nilikutana na mwenye ile nyumba aliyolala, nikamuuliza habari za Nyantende. Akashangaa. Mama hakwenda popote, alisema. Alikuwa pale pale kwenye mkeka. Walimsihi aende, akawajibu hawezi kupoteza miguu yake bure, hakuna mahali panapompokea mtu asiye na dosie.